Mfupa uliofukiwa mara ya tatu: kisa kutoka kwenye mawe mekundu ya Galula

Kisa hiki kilitokea kusini-magharibi mwa Tanzania, ndani ya bonde la ufa la Rukwa, miaka michache iliyopita. Nimeondoa jina la kijiji, la shule, la taasisi iliyokuja kuchimba na ya watu wote waliohusika. Korongo lenyewe sitalielekeza, maana bado lina mifupa. Mengine nayaeleza yalivyokuwa, pamoja na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililotugharimu zaidi. Nawaandikia hasa walimu, watendaji wa vijiji na wachimba mchanga. Hao ndio mara nyingi wanaoufikia mfupa kwanza, mtaalamu akiwa bado hana habari.

Miamba yenyewe

Ukishuka kutoka nyanda za juu kuelekea Ziwa Rukwa unakutana na kuta nyekundu za mawe ya mchanga, zimekatwakatwa na makorongo. Wekundu ule ni kutu: kila chembe ya mchanga imepakwa utando wa chuma kilichoshika kutu. Jiwe likiwa bichi, ukilipiga nyundo mkono unakufa ganzi. Likishapigwa na jua na mvua miaka na miaka, linamong'onyoka kiganjani kama sukari guru. Ndiyo maana watu huchimba mchanga wa kujengea chini ya kuta hizo hizo, mvua imeshawasagia.

Wajiolojia huyagawa mawe hayo mekundu mafungu mawili. La chini, Galula, ni la zama za Kretasia, enzi ya dinosaria. La juu, Nsungwe, ni changa mno likilinganishwa nalo, lina miaka takriban milioni 25, na humo ndimo alimopatikana Rukwapithecus, jamaa wa kale wa sokwe, aliyetangazwa mwaka 2013. Kwa macho mafungu haya yanafanana sana. Kwa miongo mingi wataalamu walibishana kama mawe mekundu ya Rukwa ni ya enzi ya dinosaria au ya baadaye sana, kwa sababu mwekundu ni mwekundu na mchanga ni mchanga. Msomaji alishike hilo, nitalirudia.

Mchanga wa Galula uliletwa na mito mipana isiyo na kina, iliyojigawa vijito na kukutana tena kama misuko ya nywele. Mto wa namna hiyo hautulii njia moja. Mnyama anakufa uwandani, mafuriko yanamfunika, kisha mto unahama, unamfukua, unamfukia pengine. Dinosaria mmoja wa Galula, Rukwatitan bisepultus, aliyetangazwa mwaka 2014, amebeba historia hiyo kwenye jina lake la pili, neno la Kilatini lenye maana ya aliyezikwa mara mbili. Mifupa yake ilikuwa ndani ya ukuta wa genge, na kuitoa kulichukua misimu miwili pamoja na mikono ya wachimba makaa ya mawe. Mwenzake, Shingopana songwensis wa mwaka 2017, mifupa yake ina matundu yaliyotobolewa na wadudu baada ya kufa kwake. Kwa hiyo tunajua kwamba mzoga ulikaa wazi kwa muda kabla ya kufunikwa. Kuna pia Pakasuchus kapilimai, mamba mdogo wa kimo cha paka mwenye magego kama ya mnyama anyonyeshaye, aliyetangazwa mwaka 2010 na kupewa jina la marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Naye Mnyamawamtuka moyowamkia alionekana mwaka 2004 juu kwenye ukuta wa mto mkavu wa Mtuka, akachimbwa hadi 2008, jina likatoka 2019. Miaka 15 kutoka kuonekana hadi kuitwa. Kijiji cha kisa hiki hakikuwa na habari ya miaka hiyo, nami sikuwaeleza mapema.

Siku tano za mwanzo

Ilikuwa Novemba, mvua ndiyo zinaanza. Usiku mmoja kipande cha ukuta wa korongo kilianguka. Asubuhi kijana mmoja aliyekuwa akipakia tripu ya mchanga kwenye tipa aligonga kitu kwa beleshi, kikakatika. Ndani kulikuwa na vitundu vingi vilivyosongamana, kama vya mkate wa kumimina. Kijana yule amechinja ng'ombe wengi, mfupa anaujua. Alimwambia mwenzake, "Huu mfupa. Lakini ng'ombe gani huyu?" Kipande kilikuwa kinene kuliko paja lake.

Akakifunga kwenye kiroba, akampelekea mwalimu wa Jiografia wa sekondari ya kata. Mwalimu alifanya mambo mawili siku ile, moja la kumshukuru daima, lingine la kusikitisha. La kwanza: jioni hiyo hiyo alikwenda korongoni na simu yake na rula ya ubaoni, akapiga picha kumi na moja kabla hajagusa kitu. Moja ilionyesha ukuta wote kuanzia chini hadi nyasi za juu, kijana amesimama pembeni. La pili: aliporudi aliviosha vipande kwenye bomba la shule ili vipendeze, viwili vikageuka tope jekundu mkononi mwake, na vilivyobaki akaviunganisha kwa gundi ya mbao.

Siku ya pili alinipigia. Tulikuwa tumefahamiana kwenye semina moja, na alijua kwamba nimefanya misimu kadhaa ya kuchimba na kusafisha visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyobaki ndani ya mawe. Nikamwomba picha. Nilipoona vile vitundu, na nyuma yake pingili mbili za uti wa mgongo bado zimeshikana ndani ya jiwe, moyo ulinidunda. Nikamwambia maneno haya, nayakumbuka neno kwa neno: "Mwalimu, asiguse mtu. Hicho ni kitu cha thamani sana."

Kesho yake asubuhi aliyarudia paredini, kwa nia njema kabisa, ili wanafunzi wasiende kuchezea pale. Siku hiyo ilikuwa ya gulio. Kabla ya saa sita mchana, neno "thamani" lilikuwa limeshafika kwenye mabanda ya dagaa na mitumba.

Anayeishi Tanzania hahitaji kuelezwa habari ya mali ya Mjerumani. Inasemwa kwamba Wajerumani walipokuwa wakikimbia kwenye Vita Kuu ya Kwanza walizika rupia na dhahabu, wakaacha alama za mawe yasiyo ya kawaida. Inasemwa pia habari ya zebaki, kwamba iko ndani ya vitu vya kale na kwamba kuna wanunuzi mjini. Usiku wa siku ya tatu watu walishuka korongoni na sululu na tochi. Mmoja alidai kwamba vitundu vile ndimo zebaki inamokaa. Kulipopambazuka ukuta ulikuwa na shimo la kutosha kulaza kitanda, na chini yake vipande vya mfupa vimetapakaa, vingine vidogo kama punje za karanga. Zebaki haikuwapo, wala rupia.

Nilifika siku ya tano, kwa basi kisha bodaboda. Mwenyekiti wa kijiji, mzee wa makamo aliyevaa koti la mvua, alinipokea ofisini. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Umechelewa kidogo, mwanangu." Hakusema kwa ukali. Tukaenda pamoja na mtendaji, mwalimu na yule kijana.

Ukutani, usawa wa kifua, mifupa ilikuwa imejipanga ikiingia ndani ya jiwe. Pingili tatu zilikuwa bado zimeshikana, ubavu mmoja umelala mshazari, na nyuma yake kitu kipana ambacho ncha yake tu ndiyo ilikuwa nje. Rangi ya mfupa ilikuwa ya maziwa mgando yenye michirizi ya zambarau, jiwe likiwa jekundu pande zote. Yule kijana aliniuliza ninajuaje kwamba punje zile chini ni mfupa na si jiwe jeupe. Nikamwambia agusishe ulimi. Jiwe liliteleza. Punje ya mfupa ilinata ulimini, kwa sababu vitundu vyake hunyonya mate. Alicheka kwa mshangao, akaanza kuokota na kutenga punje mwenyewe, na hadi jioni alikuwa amejaza mfuko mzima bila kukosea hata mara moja niliyoiona.

Njia tatu zilizokuwa mbele yetu

Njia ya kwanza ilikuwa kuchimba palepale. Mwalimu aliitaka hiyo, na vijana wengi pia. Niliikataa kwa sababu mbili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka anayegundua mabaki ya namna hii atoe taarifa, na uchimbaji unahitaji kibali, sikuwa nacho. Sababu ya pili ni ya jiwe lenyewe. Mfupa uliokaa gizani miaka milioni mia moja, ukifunuliwa kwenye mvua, hulowa mvua inaponyesha na kukauka jua linapowaka, na kwa kila mzunguko hupasuka kidogo zaidi. Kuutoa vizuri kunataka gundi maalumu inayopenya ndani, plasta, magunia ya katani na wiki kadhaa za ukavu. Tulikuwa mwanzoni mwa mvua za miezi mitano.

Njia ya pili ilikuwa kuviokota vipande vilivyolegea, kuandika taarifa na kuondoka, mgambo walinde. Ofisi niliyoipigia simu ilipendekeza hivyo. Lakini mgambo wawili hawalindi shimo ambalo wilaya nzima inaamini lina fedha.

Ikabaki ya tatu: kufukia. Kumfukia tena mnyama ambaye pengine mto wa Kretasia ulishamfukia mara mbili, na kumwacha hadi kiangazi. Nilijua ndiyo sahihi. Sikujua nitawaambiaje watu ambao wamesikia kutoka kwangu, kupitia paredi, kwamba kitu hicho ni cha thamani sana.

Mkutano

Mwenyekiti aliitisha mkutano wa kijiji kesho yake, chini ya mwembe. Walikuja wengi kuliko waliokuja kwenye mkutano wa mbolea, alisema mtendaji. Nilieleza mpango. Mama mmoja muuza maandazi akasimama: "Baba, samahani. Mchana unatuambia tufukie. Usiku nani atakuja kufukua?" Watu wakapiga makofi. Lilikuwa swali la haki.

Akafuata mzee mmoja, akauliza kuhusu mjusi wa Tendaguru. Wengi pale walikuwa wamesikia kwamba huko Lindi Wajerumani walichukua mnyama mkubwa wakampeleka kwao. Nikaona heri niseme yote ninayoyajua. Kati ya mwaka 1909 na 1913 zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa zilitoka Tendaguru. Wapagazi wa Kiafrika walizibeba kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, na mifupa ya mmoja wa wanyama wale imesimamishwa makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Nikawaambia pia kwamba leo hakuna anayeruhusiwa kuchukua bila vibali vya serikali, ila mifupa huweza kupelekwa nje kwa muda kusafishwa na kusomwa, na kwamba kazi hiyo huchukua miaka. Nilitaja ile 15 ya Mnyamawamtuka. Walinyamaza. Mzee akasema, "Angalau huyu hatufichi."

Kisha nikatoa mfuko wa punje za mfupa nikaupitisha mkononi kwa mkono. Nilimwomba yule kijana aeleze, wala sikumtungia maneno. Alivunja kipande kilichokwisha kuharibika mbele ya watu wote, akawaonyesha ndani: mchanga mwekundu kwenye vitundu, basi. Wazee watatu waligusisha ulimi. Watoto walitaka na wao. Baada ya hapo sikusikia tena neno zebaki kwenye mkutano ule.

Wazo lililotuvusha lilikuwa la mwenyekiti, sikulifikiria mimi. Alisema kufukia kufanyike mchana, Jumamosi, kila kitongoji kilete mashahidi wawili. Vitakavyofukiwa vihesabiwe kwa sauti na kuandikwa kwenye muhtasari, na muhtasari ubandikwe ofisini. Na siku ya kufukua mashahidi wale wale waitwe. Pia mchanga usichimbwe hatua 30 kila upande. Likapitishwa kwa kunyoosha mikono. Wachimba mchanga, kama watu tisa hivi, walikuwa wamesimama nyuma. Hawakunyoosha mikono wala kupinga. Tuliona kimya chao, tukaendelea na ajenda.

Tulivyofukia

Kabla ya kufukia tulipima. Nilishusha utepe kutoka ukingo wa juu hadi kwenye kila mfupa, nikaandika pia umbali kutoka kwenye mstari wa kokoto nyeupe uliokatiza ukuta mzima. Mstari ule ni kama ukurasa: popote utakapouona upande wa pili wa korongo, uko kwenye siku zile zile za mto ule ule. Tukapiga picha kila kipimo, tukachora kwenye daftari la mistari.

Juu ya mifupa tuliweka mchanga laini uliochekechwa kwa chekecheke la mahindi, ili hewa isibaki katikati na mizizi isipate upenyo. Juu yake tukatandika viroba vilivyochanwa, na juu ya viroba tukamwaga visoda, makopo mawili mazima, vilivyookotwa na watoto nyuma ya duka. Atakayechimba baadaye, hata kama sisi wote hatupo, akikutana na visoda atajua kwamba hapo chini mtu wa zama hizi amepita na kwamba jiwe halisi linaanza chini ya viroba. Halafu udongo, halafu mawe, na kwenye ukingo wa juu mtaro wa kuyapeleka maji pembeni. Mashahidi walihesabu: pingili tatu, ubavu mmoja, mfupa mpana mmoja. Punje tulizookota zilifungwa kwenye mifuko, zikapelekwa ofisi ya kijiji ndani ya sanduku la bati lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mtendaji, mwingine kwa mwalimu.

Matokeo

Ofisi moja iliahidi posho ya mgambo wawili. Ililipa miezi miwili, ikanyamaza. Mwezi wa tatu mvua kubwa ilivunja mtaro upande mmoja, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akilipwa kuangalia, zilipita siku nne kabla ya mtu kuona. Ncha ya ubavu ilisombwa. Mwezi huo huo mmoja wa wachimba mchanga alikamatwa akichimba ndani ya mipaka. Alichukua mchanga mtupu, tripu mbili, ada ya shule ya mtoto.

Timu yenye vibali ilikuja Julai. Mashahidi waliitwa, muhtasari ukasomwa, visoda vikaonekana pale pale vilipopaswa kuwa, na mkutano mdogo pembeni mwa shimo ulipiga vigelegele. Uchimbaji ulichukua siku 19. Pingili tatu ziligeuka kuwa tano, kwani mbili zilikuwa ndani zaidi. Mfupa mpana ulikuwa wa bega. Kila kipande kilivishwa karatasi ya chooni iliyoloweshwa, kisha vipande vya gunia la katani vilivyochovywa kwenye plasta, hadi kikawa kama mtoto mchanga aliyefungwa nguo. Kikubwa kuliko vyote kilibebwa na wanaume 14 kwa miti miwili ya mikaratusi kuvuka korongo, na yule kijana wa beleshi ndiye aliyekuwa akiita hatua.

Mnyama huyu ni wa kundi la dinosaria wenye shingo ndefu wanaokula majani, kundi la Rukwatitan na Shingopana. Zaidi ya hapo hajapewa jina, na huenda asipewe, maana pingili zilizovunjwa usiku wa siku ya tatu ndizo zilizokuwa na nundu na mabawa ya mfupa yanayotofautisha aina moja na nyingine.

Uchambuzi

Naanza na neno "thamani". Nililitumia kwa maana ya mtu wa maabara: kitu ambacho hakipatikani tena. Kwenye gulio thamani ni bei. Sikukosewa na msikilizaji. Mimi ndiye niliyechagua neno bila kufikiri litapita midomo ya nani. Tangu siku ile, simu kama ile ikinijia, nasema: "Ni mifupa ya mnyama wa kale, haina madini ndani, haiuziki, ila inatupa habari. Piga picha, funika na mchanga, mwambie mwenyekiti." Nimeitumia sentensi hiyo mara tatu baadaye, mahali pengine, na mara zote tatu hakuna aliyechimba usiku. Sidai kwamba ni sentensi peke yake. Ila kwenye kisa hiki, saa chache tu baada ya neno langu kufika sokoni, sululu zilishuka.

Picha ya mwalimu ilifanya kazi ambayo hata yeye hakuitarajia. Kipande alichokigonga kijana kilitoka kwenye sehemu ya ukuta iliyokwisha kuanguka, kwa hiyo tusingejua kilikuwa urefu gani. Lakini kijana alikuwa kwenye picha. Tulimpima kimo, tukalinganisha na picha, tukapata kwamba kipande kilitoka mita mbili hivi chini ya mstari wa kokoto nyeupe, usawa mmoja na pingili. Bila hivyo kingekuwa mfupa tu kutoka kwenye mawe mekundu.

Hapa narudi kwenye lile nililosema lishikwe. Kwa nini mita mbili ziwe na uzito namna hii? Kwa sababu mawe ya Galula hayana majivu mengi ya volkano ya kupimia umri tabaka kwa tabaka. Wataalamu wamelazimika kutumia njia za taratibu, mojawapo ikiwa usumaku. Mchanga ulipotulia mtoni, chembe zake za chuma zilijipanga kufuata sumaku ya dunia ya siku hizo, na zikabaki hivyo. Dunia hugeuza ncha zake za sumaku mara kwa mara, isipokuwa katikati ya Kretasia, ambapo kwa miaka mingi mno, tangu takriban milioni 120 hadi milioni 83 iliyopita, haikugeuza kabisa. Tabaka likisoma upande mmoja au mwingine, umri wake unabanwa. Lakini usomaji huo ni wa tabaka. Mfupa ulioondolewa kwenye tabaka lake bila kipimo hauwezi kuazima umri wa tabaka lolote. Punje zilizotapakaa usiku ule zimo kwenye sanduku hadi leo. Ni mfupa kweli, ulimi unashuhudia, na haziwezi kutuambia karibu chochote.

Kufukia kulifaa, ingawa si bure. Tulipoteza ncha ya ubavu. Hata hivyo naamini tungeacha wazi tungepoteza yote, na tungechimba na nyundo na ndoo Novemba ile tungepata vipande vingi visivyounganika. Kilichofanya kufukia kukubalike ni utaratibu wa mwenyekiti. Watu wale hawakuwa na sababu ya kuniamini mimi. Walikuwa na sababu ya kuamini hesabu waliyoisikia kwa masikio yao na karatasi iliyobandikwa ukutani. Ningekuwa nimepewa nafasi ya kuamua peke yangu, ningefukia kimyakimya na watu wawili, asubuhi mapema, kwa kuhofia wezi. Na hadi leo kijiji kingeamini kwamba nilichukua rupia.

Kuhusu maji na gundi ya mbao simlaumu mwalimu. Mfupa wa ng'ombe ukiuosha unapendeza, angejuaje? Mfupa huu umeshikiliwa na chokaa na udongo ulioingia kwenye vitundu. Maji yakiingia, udongo unavimba na kila kitu kinaachana. Gundi ya mbao nayo huvuta mfupa inapokauka, na ikishashika haitoki bila kutoka na ngozi ya mfupa. Karatasi ya chooni na boksi lingetosha.

Pale ninapoumia zaidi ni kwa wachimba mchanga. Hatua 30 kila upande zilikuwa sehemu yao ya kula. Tuliwanyang'anya kwa kunyoosha mikono ya watu wengine, hatukuwapa chochote, kisha tukamkamata mmoja wao. Na kumbe walinzi tuliokuwa tukiwatafuta ndio hao. Wako korongoni kila siku, wanaujua ukuta kama sahani yao, na wangeuona mtaro umevunjika asubuhi ile ile. Julai timu ilipowaajiri sita kati yao kwa posho ya siku, hakuna hata kipande kimoja kilichopotea, na ni mmoja wao aliyeziona zile pingili mbili za ndani, kwa mlio wa patasi tu: jiwe linalia kwa ukali, mfupa unajibu kwa sauti nzito.

Tulipoondoka, mfupa wa bega ulikuwa umetoka lakini nyuma yake ukutani kulikuwa na mwingine unaoelekea ndani, na siku za kibali zilikuwa zimekwisha. Tukaufukia: mchanga wa chekecheke, viroba, visoda. Safari hii mkataba uliandikwa kwa majina ya wachimba mchanga wenyewe, na eneo lingine la kuchimba mchanga walionyeshwa na kijiji kabla hawajasaini. Kila baada ya mvua kubwa mmoja wao hupiga picha ya mtaro na kuituma. Ya mwisho niliipata Jumanne, ukuta umelowa, mtaro mzima.